Nataka jiko la kuni la kupashia nyumba joto, bajeti ndogo: nichukue lipi kati ya haya matatu?

KingaNaKinga (mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri kabla sijafanya kosa la gharama.

Nyumba yangu ni ya zamani, haina ghorofa, ukubwa kama mita za mraba 90, na chini yake kuna stoo. Kuta ni tofali tupu, hazina kitu cha kuzuia baridi. Msimu uliopita nilipasha joto kwa hita za umeme, na bili ilipofika niliisoma mara mbili nikidhani wamenichanganya na kiwanda. Mwaka huu nahamia kwenye kuni. Miti ya misonobari ninayo uani, shoka ninalo, mgongo bado unakubali. Kinachokosekana ni fedha.

Nina machaguo matatu:

1. Tanuru kubwa lililotumika, lile la kukaa stoo na kupuliza hewa ya moto vyumbani kwa feni. Mwenyewe anahama na anataka liondoke wiki hii. Lina miaka thelathini na kitu. Bei ni ya kutupa.
2. Jiko jipya dogo la sebuleni, lina kioo mlangoni, kilowati 6. Bei yake ni kama mara tatu ya tanuru.
3. Jirani anajua kuchomelea, anasema atanitengenezea jiko la pipa la mafuta kwa gharama ya vyuma tu.

Moyo unaniambia namba 1, maana ni kubwa na nyumba nzima itapata joto. Mnasemaje? Na tafadhali, asije mtu akaniambia nihamie gesi.

ShokaMoja

Pipa mkuu, usipoteze muda. Mimi ninalo karakanani mwaka wa nne huu, nikilijaza linakuwa jekundu ubavuni. Hela itakayobaki nunua msumeno wa mnyororo.

FundiDohani

Mtoa mada, umeandika maneno yote hayo na hujasema moshi utatokea wapi.

Kazi yangu ni kufunga na kusafisha mabomba ya moshi. Mara nyingi naitwa nikakuta jiko limeshafika, linang'aa, na hela imeisha. Halafu mtu anashtuka akisikia kwamba bomba zuri, lile la kuta mbili lenye kizuia joto katikati, kutoka juu ya jiko hadi nje ya paa, linaweza kula fedha sawa na jiko jipya, wakati mwingine zaidi. Ukifanya mzaha na bomba, hata jiko la kifahari litakutoa machozi.

Jiko halina injini. Injini ni dohani. Hewa ya moto inapanda, inaacha nafasi nyuma yake, hewa mpya inaingia kwenye moto. Bomba likiwa refu, limenyooka na linapita ndani ya nyumba, linabaki na joto na linavuta. Likipanda nje ya ukuta linapoa, mvuto unalegea. Ncha yake iwe angalau sentimita 90 juu ya pale linapotoboa paa, na sentimita 60 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka hapo, iwe ni mgongo wa paa au ukuta wa jirani. Kama tundu la jiko ni milimita 150, bomba liwe 150 mpaka juu. Usibane njiani.

Una dohani yoyote sasa hivi?

KingaNaKinga

Ipo ya matofali sebuleni, ya ule moto wa wazi wa kuota. Sijawahi kuitumia. Nimechungulia kwa tochi, naona giza tu.

FundiDohani

Giza si habari njema. Ukichungulia mchana kutokea chini unatakiwa uone anga, au angalau mwanga ukipenya pembeni ya kofia inayofunika dohani juu. Kuna kitu humo, nadhani kiota cha ndege. Usiwashe hata gazeti kabla hakijatolewa.

Halafu dohani ya moto wa wazi ina tundu pana mno kwa jiko la kufungwa. Moshi unapanda polepole kama mgonjwa, unapoa, na ukishuka chini ya nyuzi 120 hivi mvuke na gesi zake zinaganda kutani. Ndiyo kreosoti hiyo, ule utando mweusi kama lami. Safu ikinenepa, siku moja moto mkali unaidaka na dohani inaanza kuungua yenyewe kwa ndani, joto linaweza kupita nyuzi 1,000. Waliowahi kuisikia wanasema ni kama treni inapita juu ya dari. Matofali yanapasuka, na mbao za paa zilizo karibu zinafuata.

Dawa ni kushusha bomba la chuma kisichoshika kutu ndani ya hiyo dohani, lenye kipenyo cha jiko lako, na kuziba nafasi inayobaki juu na chini. Ni nafuu kuliko kujenga dohani mpya. Kwa hiyo una bahati, ila bahati yako iko sebuleni, haiko stoo.

MamaPacha

Mtoa mada, ile bili iliyokutoa jasho ndiyo itakayokusaidia. Itafute. Jumlisha uniti (kilowati-saa) za msimu wote wa baridi, toa zile unazotumia kwa kawaida miezi isiyo na baridi. Utakachobaki nacho ndicho joto ambalo nyumba yako ilikula, maana hita ya umeme haipotezi kitu: uniti moja ikiingia, joto la uniti moja linatoka. Tuletee namba.

KingaNaKinga

Nimekaa nazo jioni nzima. Miezi mitano ya baridi, zimetoka 9,000 na ushee.

MamaPacha

Safi. Sasa twende taratibu.

Kilo moja ya kuni kavu, zenye unyevu wa asilimia 20 hivi, ina joto la kama uniti 4. Swali ni ngapi zinabaki ndani ya nyumba. Moto wa wazi, ule wa kupendeza kwenye picha, unakuachia kama asilimia 15, zilizobaki zinapasha mawingu. Tanuru la zamani tuliwekee 50, na hapo nimekuwa mkarimu. Jiko la kisasa linafika 75. Maana yake kilo ileile ya kuni inakupa uniti 0.6, au 2, au 3.

Gawanya 9,000 kwa hizo. Moto wa wazi utakula tani 15. Tanuru tani 4 na nusu. Jiko la kisasa tani 3. Hiyo tani moja na nusu ya tofauti kati ya tanuru na jiko utaikata, utaipasua, utaipanga na kuibeba kila mwaka kwa mgongo wako huohuo unaousifia.

Jambo la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. 9,000 kwa siku 150 ni uniti 60 kwa siku. Gawanya kwa saa 24: nyumba yako inahitaji wastani wa kilowati 2.5 tu, usiku na mchana. Usiku wa baridi kali labda mara tatu ya hapo. Tanuru hilo lina kilowati ngapi?

KingaNaKinga

Kibao chake kinasomeka 40 na kitu.

MamaPacha

Basi ni lori la tani kumi kubeba godoro moja.

Kibatari

Natia neno kwa sababu mimi ndiye niliyebeba hilo godoro.

Nilinunua jiko la kilowati 14 kwa sebule ndogo. Niliambiwa "kubwa ni bora, utapunguza moto ukitaka". Hakuna aliyeniambia kupunguza moto maana yake nini. Ukiliacha liwake vizuri, baada ya saa moja chumba ni tanuri, mnafungua madirisha katikati ya baridi. Ukifunga tundu la hewa ili litulie, kuni hazizimi wala haziwaki, zinafuka tu. Kioo kikawa cheusi kwa siku mbili. Bomba lilianza kudondosha maji meusi yenye harufu ya nyama iliyoungua. Fundi aliyekuja kusafisha alitoa ndoo ya magamba yanayong'aa kama vigae, akaniuliza nina watoto wangapi humu ndani. Nikaelewa hakuwa anapiga soga.

Niliuza kwa hasara. Sasa nina la kilowati 5, linawaka kwa nguvu muda wote na bomba halidondoshi kitu.

ShokaMoja

Sasa jiko dogo litalala na moto? Saa nane usiku mtoa mada ataamka anatetemeka. Semeni na hilo.

MzeeMajivu

ShokaMoja ana hoja, tusimpite. Jiko la kilowati 5 au 6 lina tumbo dogo. Ukilijaza, miali inakuchukulia saa mbili au tatu, halafu makaa. Asubuhi utakuta makaa machache chini ya jivu, yanatosha kuwashia lakini si kupasha nyumba. Hiyo ni kweli na muuzaji hatakwambia.

Wenzetu wa Finland na Urusi walilitatua hilo zamani kwa majiko ya matofali yenye uzito wa tani kadhaa. Wanachoma kuni kwa moto mkali mara moja au mbili kwa siku, moshi unazungushwa ndani ya matofali kabla ya kutoka, kisha jiko linatoa joto polepole mpaka kesho yake. Ni kitu kizuri sana. Lakini wewe una stoo chini ya sakafu, na sakafu hiyo haitabeba tani tatu bila nguzo mpya. Achana nacho.

Kwako wewe, kubali kwamba usiku hita moja ya umeme itasaidia chumbani ile siku ya baridi kali. Ulipie uniti chache badala ya kununua jiko la siku kumi za mwaka na kuteseka nalo siku 140.

Kuhusu tanuru. Marekani waliweka kikomo cha moshi wa majiko ya kuni mwaka 1988, lakini matanuru ya kupuliza hewa hayakuingizwa kwenye kanuni zao mpaka 2015. Tanuru la miaka thelathini lilitengenezwa enzi ambayo hakuna aliyeuliza linatoa moshi kiasi gani. Ndani ni sanduku tupu. Zaidi ya nusu ya joto la kuni liko kwenye gesi zinazotoka ukuni ukipata moto, na gesi hizo zinataka kama nyuzi 600 na hewa safi ndipo ziwake. Jiko la kisasa lina bamba la kuzuia gesi zisikimbie, lina matofali ya kutunza joto tumboni, na lina vitundu juu vinavyoleta hewa iliyokwisha kupashwa. Ndiyo maana ukiangalia kwenye kioo unaona miali inaning'inia hewani juu ya kuni, haikugusa kuni kabisa. Hapo linachoma moshi. Sanduku tupu linautuma moshi huo juu, na unaulipia mara mbili: kuni nyingi na dohani chafu.

Na umeme ukikatika, feni ya tanuru inasimama huku moto ndani bado unawaka. Tanuru linapanda joto bila mahali pa kulipeleka.

MpitaNjia

Vipi boila la kupasha maji yapite kwenye mabomba ya kila chumba? Shemeji yangu analo na anajisifu kila tukikutana.

FundiDohani

Kama ni lile jipya la kuchoma gesi za kuni, pamoja na tangi kubwa la kuhifadhia maji ya moto, shemeji yako ana haki ya kujisifu. Ila hiyo si mada ya bajeti ndogo. Na boila la kubuni nyumbani lisilo na vali ya kutoa msukumo ni bomu, sitaki hata kulijadili.

Nirudi kwa pipa, kwa sababu naona ShokaMoja ameninunia. Bati la pipa lina unene wa kama milimita moja. Jiko la bamba la chuma lina tano au sita. Hilo jekundu unalolisifu ubavuni ni chuma kinacholiwa, siku moja patatoboka. Halina bamba ndani, kwa hiyo miali inaingia moja kwa moja kwenye bomba. Mlango wake haufungi sawasawa, huwezi kuamuru hewa. Jiko lisilo na kibao cha vipimo lataka karibu sentimita 90 kutoka ukuta au kitu chochote kinachoweza kuwaka, pande zote. Pima sebule yako uone kama kutabaki pa kukaa. Na kama nyumba ina bima, waulize kwanza watasema nini wakisikia neno "pipa".

ShokaMoja

Sijanuna. Karakana yangu ni sakafu ya zege na mlango hauna hata kitasa. Nakubali nyumba yenye mazulia ni kitu kingine.

KingaNaKinga

Wakuu mmenivunja moyo kwa ustadi mkubwa. Basi tanuru limetoka, pipa limetoka. Tatizo jiko jipya pamoja na bomba la kushusha dohani vinapita bajeti yangu kwa mbali. Sebule ni mita 7 kwa 5, kimo 2.5. Nifanyeje?

MzeeMajivu

Zidisha hizo: mita za ujazo 87 na nusu. Kuna kanuni ya wauza majiko, gawanya ujazo kwa 14 kwa chumba cha kawaida. Unapata kilowati 6 na kidogo. Imekubaliana na namba za MamaPacha. Kwa hiyo ukubwa tumeupata.

Sasa tafuta jiko lililotumika la ukubwa huo, lakini la kisasa. Watu wanahama, wanakarabati, wanachoka kubeba kuni. Jiko la miaka kumi lililotunzwa lina maisha marefu mbele. Nenda nalo hivi:

Piga magoti, usilitazame ukiwa umesimama. Washa tochi ndani ya tumbo, kisha zima taa za chumba na uzunguke nje: ukiona mwanga unapenya kwenye maungio, achana nalo. Chuma cha kusubu, kile kizito cha kumiminwa kwenye kalibu, ugonjwa wake ni nyufa. Bamba la chuma ugonjwa wake ni kujipinda. Weka rula kwenye ubavu na juu. Jiko lililojipinda liliwahi kuachwa likawaka hovyo, na huwezi kulinyoosha.

Bana kipande cha karatasi mlangoni, funga, kivute. Kikitoka bila ubishi, kamba ya kuzibia mlango imechoka. Hiyo ni kitu cha bei ndogo, itumie kupunguza bei kisha ubadilishe mwenyewe. Matofali ya ndani yaliyopasuka nayo hayatishi. Bamba la juu tumboni ndilo uliangalie sana. Likiwa limeliwa au halipo, uliza kwanza kama vipuri vyake bado vinauzwa, kabla hujafungua pochi. Na kibao cha nyuma kiwepo, chenye kilowati, umbali wa kutoka ukutani na kanuni iliyopimiwa. Bila kibao ni chuma chakavu chenye mlango.

Rangi kuchubuka na kutu nyepesi juu, hayo ni mapambo. Kuna rangi ya dawa ya kuhimili moto.

MamaPacha

Na ile tofauti ya bei usiipeleke yote kwenye jiko. Subiri jioni yenye upepo, washa kijiti cha udi, zunguka nacho milangoni, madirishani, kwenye mlango wa stoo, pale mabomba yanapopenya ukuta. Moshi ukiyumba, hapo ndipo hela yako inapotorokea nje. Tope la kuzibia na mpira wa milango ni vitu vya bei ya chini kabisa katika orodha yako yote. Darini je, kuna kitu juu ya silingi?

KingaNaKinga

Juu ya silingi kuna vumbi na sanduku la marehemu bibi.

MamaPacha

Tandaza kizuia joto humo kabla ya jiko. Sifanyi utani. Joto linapanda na wewe umeliachia mlango wazi. Ile 9,000 itashuka, na ikishuka hata jiko la kilowati 6 litaonekana kubwa.

Kibatari

Swali la kizushi: miti ya mtoa mada ni misonobari. Si wanasema misonobari inajaza dohani lami?

FundiDohani

Wanasema, na wanakosea. Kinachojaza dohani ni maji. Msonobari mkavu ukiwaka kwa moto mkali hauna shida, na kwa kilo joto lake halina tofauti ya maana na la mti mgumu. Ni mwepesi tu, kwa hiyo utajaza jiko mara nyingi zaidi. Kuna watu wa nchi za kaskazini ambao hawana mti mwingine, na nyumba zao bado zimesimama.

Mtoa mada, hiyo miti ulikata lini?

KingaNaKinga

Mwezi uliopita. Kwani vipi?

FundiDohani

Nilijua tu.

Mti uliotoka kukatwa, karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Moto lazima uyachemshe yote kabla haujakupa kitu, na mvuke wake ndio unaoenda kuganda juu. Kilo moja ya namna hiyo inakupa karibu nusu ya joto la kilo kavu, na hapo bado hujahesabu moshi. Mti laini uliopasuliwa unataka miezi sita hadi mwaka kukauka. Mti mgumu kama mwaloni, miaka miwili. Kwa hiyo kuni zako ni za mwaka ujao, si za mwaka huu.

Zipasue sasa, maana gogo zima halikauki, gome linafungia maji ndani. Zipange juu ya vipande vya mbao zisiguse ardhi, mahali penye jua na upepo. Funika juu tu. Watu wanazivika turubai mpaka miguuni halafu wanashangaa zimeota ukungu. Nunua kipimaunyevu kidogo chenye meno mawili, pasua ukuni katikati na upime ule uso mpya wa ndani, usipime nje, nje hudanganya. Chini ya 20, choma. Juu ya 25, rudisha.

KingaNaKinga

Sasa mwaka huu nitachoma nini jamani?

MzeeMajivu

Nunua kuni kavu kiasi, ukiwa na kipimaunyevu mkononi, na upasue moja mbele ya muuzaji. Wote husema ni kavu. Changanya na vitofali vya vumbi la mbao lililoshindiliwa, unyevu wake ni chini ya asilimia 10 na havina siri. Anza na viwili, vinawaka kwa hasira. Mbao za rangi, mbao zilizotiwa dawa, fanicha za mbao za gundi, hapana. Zile za kijani zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, nyingine zina aseniki, hutaki ibaki kwenye jivu.

Na ununue king'ora cha kaboni monoksaidi leo, hata kama jiko bado. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Katika uzi huu wote ndicho kitu pekee ambacho sikuruhusu kukitafutia cha mtumba.

KingaNaKinga

MREJESHO

Wakuu, ni wiki tisa. Niliahidi kurudi.

Silingi imetandazwa, madirisha yamezibwa. FundiDohani alikuwa sahihi, kiota kilitoka ndoo tatu na nusu, pamoja na kofia ya chuma ya dohani ambayo hakuna anayejua ilianguka lini. Fundi wa hapa kashusha bomba la milimita 150 ndani ya dohani. Hilo peke yake limekula karibu nusu ya fedha yote, na sasa nashukuru mliniambia mapema.

Jiko nimepata lililotumika, la bamba la chuma, kilowati 6 na nusu, kibao kipo, miaka minane. Lilifeli mtihani wa karatasi. Muuzaji alipoona napiga magoti na rula alianza kushusha bei kabla sijasema kitu. Kamba nimebadilisha mwenyewe. Jumla yote imeingia chini ya bei ya lile jiko jipya na bomba lake.

Chumba cha mwisho kilikuwa baridi. Nikasoma mahali kwamba feni ndogo uiweke sakafuni kwenye chumba cha baridi ikielekea sebuleni, isukume hewa baridi kuja kwenye jiko, na ile ya moto irudi yenyewe kwa juu. Niliona kichekesho, nikajaribu, imekubali.

Tatizo moja. Jana jioni kila nikifungua mlango wa jiko kuongeza kuni, moshi ulikuwa unanirudia usoni. Asubuhi haufanyi hivyo. Bomba ni jipya, sielewi.

FundiDohani

Jioni mnapika?

KingaNaKinga

Ndiyo.

FundiDohani

Feni ya kutoa moshi wa jikoni. Ulipoziba nyumba, hewa inayotolewa na feni lazima iingie kutoka mahali, na tundu lililobaki ni dohani yako. Inavuta kwenda chini. Izime kabla ya kufungua mlango wa jiko, au fungua kidirisha kidogo. Baadaye weka bomba la hewa ya nje liingie moja kwa moja kwenye jiko, kama lina tundu nyuma. Na unapofungua mlango, achia ufa kidogo kwanza, hesabu mpaka tano, ndipo ufungue wote.

KingaNaKinga

Nimejaribu sasa hivi. Ni feni. Asante mkuu.

MzeeMajivu

Jivu unaweka wapi?

KingaNaKinga

Kwenye ndoo ya plastiki... nimeelewa Mzee, natoka kwenda kununua ya bati sasa hivi.

MzeeMajivu

Yenye mfuniko. Na ikae nje juu ya zege, si kwenye mbao za kibarazani. Kaa la moto linaweza kulala ndani ya jivu siku kadhaa.

ShokaMoja

Na lile tanuru liliishia wapi?

KingaNaKinga

Bado liko kwa jamaa, hajahama. Juzi kanipigia, sasa anasema nilichukue bure, mradi nije na watu sita wa kulibeba.